Enaiposha Juu ya Arizona

Barabara ya I-19, inayoshuka kutoka Tucson hadi mpaka wa Mexico, ina kioja chake: ndiyo barabara kuu pekee ya Marekani ambayo umbali wake umeandikwa kwa kilomita. Mwendo wa gari umebaki kwa maili. Kwa hiyo dereva anaambiwa asipite maili 75 kwa saa akielekea mji ulio kilomita 40 mbele, na hesabu ajifanyie mwenyewe. Binamu yangu, muuguzi aliyekaa Tucson hadi kilomita zikamtoka kichwani, hukerwa na vibao hivyo. Mimi nilijiona nimekaribishwa.

"Kaka, tazama kushoto," akasema tulipokaribia Amado. Juu ya milima ya Santa Rita kulikuwa na doa jeupe liking'aa juani. Ni Mlima Hopkins, wenye mita 2,600 hivi, na doa lile ni jengo la darubini kubwa yenye kioo cha mita 6.5. Haikuwa hiyo niliyoitafuta. Mlimani humo humo, ndani ya banda ambalo paa lake husukumwa kando jua likizama, kuna darubini nane ndogo za sentimita 40 kila moja, za mradi uitwao MEarth. Mwaka 2009 darubini hizo zilibaini nyota moja hafifu, nyekundu, ikififia kidogo kila baada ya saa 38. Kulikuwa na kitu kinapita mbele yake. Wakakiita GJ 1214 b, jina la kuwekea faili. Mwaka 2023 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ukatangaza majina yaliyopendekezwa na timu kutoka Kenya: nyota ikawa Orkaria na sayari yake ikawa Enaiposha. Kwa Kimaasai ni udongo mwekundu wa kujipaka, na maji mapana.

Mimi ni mtu wa Naivasha. Kwetu ziwa liko huku, na mvuke wa Olkaria, unaotupa umeme, unapanda kule nyuma ya vilima. Majirani hao wawili, kwa majina yao ya Kimaasai, sasa wanaishi pamoja miaka 48 ya nuru kutoka hapa, na waliowaona mara ya kwanza walitumia mashine ambayo mfanyakazi wa kawaida wa Arizona, akijibana, anaweza kuinunua na kuiweka uani. Niliposoma hayo sikuweza kuendelea kukaa kwenye kochi la binamu yangu nikitazama televisheni.

Tulikunja kushoto Nogales, ukuta wa mpaka ukiwa mbele yetu wenye rangi ya kutu, tukapanda kupitia Patagonia hadi nyanda za Sonoita. Nilikuwa nimejiandaa kuona jangwa la sinema, lile la dungusi mrefu mwenye mikono. Dungusi hao wapo Tucson, na wanastahili sifa zao, lakini huku juu hawapo. Kuna nyasi za rangi ya manyoya ya simba, upepo unazilaza, na milima ya buluu imekaa pembeni bila kugusana. Ungenifumba macho na kunifumbulia pale, ningekwambia tumepita Gilgil tunaelekea Elementaita. Hata miti ya miiba iliyojaa kando ya makorongo niliitambua kabla binamu yangu hajaitaja. Ni mesquite, ndugu wa damu wa mathenge yetu ya Baringo.

Hapa nilisimamisha gari. Kwetu mathenge ni laana. Uliletwa kuzuia jangwa, ukala malisho, ukaziba njia za maji, na maganda yake matamu yakang'oa meno ya mbuzi hadi Wailchamus wakaenda mahakamani na mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Arizona ndugu yake ni mtu wa nyumbani. Maganda yanasagwa unga, kuni zake zinauzwa kwa mafungu ya kuchomea nyama, na wenyeji wanauzungumzia kwa upole. Mti ukiwa kwao una adabu.

Mwenyeji wetu, mwanaastronomia wa ridhaa, anakaa Hereford, mwisho wa barabara ya vumbi chini ya milima ya Huachuca. Ni fundi wa simu aliyestaafu, mzee mrefu mwenye kofia iliyofifia, na si mtu wa maneno mengi hadi umguse panapomwasha. Nilipomwambia natoka Kenya nilisubiri simba, au mbio za marathoni. Akasema, "Uhuru!" Nikadhani anataja Rais wetu wa zamani. Kumbe alikusudia setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na wenyewe wakaipa jina la Kiswahili kwa heshima ya siku hiyo. Mpaka leo kuna nyota ambazo majina yake huanza na 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru. Mzee alikuwa kijana shuleni wakati ule. Mimi, niliyesoma historia hadi kidato cha nne, sikuwahi kuambiwa.

Mkewe alizaliwa Cananea, ng'ambo ya mpaka, jimbo la Sonora. Alitupikia nyama iliyochomwa kwa kuni za mesquite, maharagwe, na tortila za unga wa ngano pana kuliko sinia, nyembamba hadi unaona kivuli cha mkono wako upande wa pili. Nilimsimamia jikoni kama mkwe mpelelezi. Unga, mafuta, chumvi, maji ya vuguvugu, donge likafunikwa lipumzike. Ni chapati iliyokataa kukunjwa. Nilipomwonyesha tunavyoipaka mafuta na kuizungusha kabla ya kuisukuma mara ya pili, alitazama hadi mwisho, akaionja, akasema ni nzuri ila ina kazi nyingi. Nje ya dirisha ndege wadogo kuliko chozi wetu walikuwa wakielea mbele ya chupa ya maji ya sukari, mabawa hayaonekani kwa kasi. Afrika hatuna ndege hao. Tuna chozi, ambaye hufanya kazi ile ile lakini hupenda kutua.

Giza lilipoingia nilitarajia kuitwa nje nichungulie. Wanaastronomia wa ridhaa wa siku hizi hawachungulii. Darubini ya mzee, sentimita 35, imo ndani ya kuba dogo uani, nyuma yake kumefungwa kamera inayopozwa, na yeye anakaa chumba cha kando na kompyuta mbili, jagi la kahawa na balbu nyekundu. Kamera inapiga picha moja kila dakika. Programu, ambayo hutolewa bure, inapima mwanga wa nyota anayoitaka na kuulinganisha na nyota jirani zisizobadilika, ili wingu jembamba likipita lisimdanganye, maana litazififisha zote pamoja. Kila dakika nukta moja mpya inaongezeka kwenye grafu. Hiyo ndiyo burudani yote. Binamu yangu alivumilia nukta kumi hivi, akaenda kulala.

Nyota ya mwanzo wa usiku ilikuwa WD 1145+017, katika kundi la Mashuke. Ni nyota kibete nyeupe, yaani mabaki ya nyota iliyokwisha kuwaka, kitu chenye ukubwa wa dunia yetu lakini uzito wa kulinganishwa na jua. Ni hafifu zaidi ya mara 20,000 kuliko nyota ya mwisho ambayo jicho la mwanadamu linaiona. Mwaka 2015 Andrew Vanderburg na wenzake, wakitumia vipimo vya darubini ya angani ya Kepler, walitangaza kwamba kuna kitu kinaizunguka kila baada ya saa nne na nusu, kwa ukaribu ambao hakuna mwamba unaodumu. Na kweli haudumu. Unavunjika, unageuka mvuke na vumbi, na vumbi hilo ndilo linalopita mbele ya nyota.

Sayari nzima ikipita mbele ya nyota, mchoro wake ni wa heshima: mwanga unashuka, unakaa chini kwa muda, unapanda, na mara ijayo ni vile vile kwa dakika. Hapa palikuwa na vurugu. Mabonde kwenye grafu yalikuwa na kina cha asilimia 40 na zaidi, yalikuja mengi katika mzunguko mmoja, yenye maumbo ya ajabu, na baada ya siku chache mengine yalitoweka na mapya kuzuka. Vipande vidogo vilivyomeguka vilikizunguka kibete upesi kidogo kuliko mwamba mama, hivyo kila siku viliwahi kwa dakika mbili na nusu hivi.

"Sasa niambie," mzee akasema, akinigeuzia kiti, "profesa angelifuata vipi jambo kama hilo?"

Akajijibu mwenyewe. Darubini kubwa zinaombwa. Unaandika ombi, kamati inakaa, unapewa usiku wako miezi mingi mbele, na wingu likija usiku huo ni bahati yako. Kitu kinachobadilika kati ya Jumatatu na Alhamisi hakiwezi kungoja kamati. Kilichotakiwa ni mtu mwenye darubini yake, anga safi, na asiye na mahali pa kwenda kesho asubuhi. Watu hao walikuwepo hapa hapa bondeni. Bruce Gary, mstaafu wa maabara ya anga ya JPL aliyeandika kitabu cha kuwafundisha wenzake kupima sayari za mbali, na Tom Kaye, mwenye darubini yake karibu na hapa, waliifuata nyota hiyo usiku baada ya usiku kuanzia mwisho wa 2015, na mwaka 2016 wakachapisha matokeo pamoja na Saul Rappaport wa MIT. Vile vipande vinavyowahi kwa dakika mbili na nusu vilijulikana hivyo. Mzee wetu alijiunga na mchezo baadaye. Hajawahi kuwa na jina kwenye karatasi, na sikuona kama linamnyima usingizi.

Alinisimulia ukoo wa kazi hiyo kama watu wanavyosimulia timu za mpira. Mwaka 1999 David Charbonneau, akiwa bado mwanafunzi, alitumia darubini ya sentimita 10 iliyosimamishwa kwenye maegesho ya magari huko Boulder, Colorado, akaona sayari ya nje ikipita mbele ya nyota yake. Mwaka uliofuata wapenzi wa nyota wa Finland walirudia kwa vifaa vyao wenyewe. Miaka kumi baada ya maegesho yale, Charbonneau huyo huyo ndiye aliyeongoza mradi wa Mlima Hopkins uliomwona Enaiposha. Kisha ikaja ile nyota ya kundi la Cygnus ambayo wasaidizi wa kujitolea waliiona katika data za Kepler ikipoteza hadi asilimia 22 ya mwanga wake bila ratiba yoyote, na dunia ikapiga kelele kuhusu viumbe wa mbali na majengo yao. Tabetha Boyajian, ambaye nyota hiyo sasa inaitwa kwa jina lake, alichangiwa fedha na watu wa kawaida ili iangaliwe mfululizo. Ilipofifia tena mwaka 2017, rangi ya buluu ilipungua kuliko nyekundu. Vumbi hufanya hivyo, ukuta haufanyi. Mzee alisema alifurahi. Viumbe wa mbali walikuwa wanamharibia mazungumzo kanisani.

Na usiku wetu? Kuanzia saa mbili hadi baada ya saa sita nukta zilijipanga zikawa mstari. Mzunguko mzima wa saa nne na nusu ulipita, na mstari ukabaki mstari. Miaka ya karibuni mabonde ya WD 1145 yamekuwa yakipungua; vumbi linaelekea kuisha au kutawanyika. Nuru tuliyokuwa tunaipokea iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus, kwa hiyo chochote kilichoisha kiliisha zamani. Nilimwuliza kama amevunjika moyo. Akaihifadhi faili, akaipa jina, akasema mtu atakayetaka kujua lini kulikuwa kimya atahitaji usiku kama huu, na usiku kama huu hakuna anayegombania.

Nilitoka nje kunyoosha miguu. Anga ya Hereford haielezeki kwa mtu wa mjini na haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Turkana. Upande wa kaskazini kulikuwa na mwanga kidogo wa Sierra Vista, na mbali zaidi, mwanga wa Tucson, mji wa watu zaidi ya nusu milioni ambao tangu 1972 una sheria ya kuziba taa zisimulike juu. Taa za barabarani huko huangaza chini na hupunguzwa makali usiku wa manane. Binamu yangu, akitoka zamu ya usiku, haipendi sheria hiyo hata kidogo. Anatembea hadi gari lake ameshika funguo kati ya vidole.

Nilimfikiria yeye, nikafikiria na kwetu. Vitongoji vya wafanyakazi wa mashamba ya maua viliomba taa kwa miaka, na ile milingoti mirefu tunayoiita mulika mwizi iliposimamishwa watu walishangilia, wanawake hasa. Nani atawaambia waizime kwa ajili ya nyota? Tena baadhi ya nyumba za maua zenyewe huwashwa taa usiku ili mimea idhani siku ni ndefu, na ukipita barabara ya Moi South Lake unaona mashamba yanang'aa. Mzee ana giza kwa sababu haogopi giza. Ana usiku kwa sababu pensheni yake inalipa mchana. Dada yangu mdogo aliwahi kufanya kazi kwenye banda la kupakia mawaridi. Wiki za kabla ya siku ya Valentino alikuwa akikesha kuliko mwanaastronomia yeyote, na usiku wake ulikuwa wa mtu mwingine. Ridhaa ina bei, na bei hiyo haiko dukani pamoja na darubini. Nilimwambia mzee hivyo niliporudi ndani, pengine kwa ukali kuliko adabu ya mgeni. Alinyamaza kidogo, akakubali, kisha akasema tuigeuze darubini maana muda umefika.

Juu ya Nge, ambaye alikuwa amepanda vizuri kusini, darubini ililenga nyota nyekundu ya kupuuzwa. Orkaria. Ni nyota ndogo, ina upana wa moja ya tano ya jua, na udogo huo ndio unaomfanya Enaiposha aonekane: sayari yenye upana wa dunia mbili na robo tatu ikipita mbele yake inaziba kiasi cha kupimika. Inaziba shilingi moja na senti arobaini katika kila mia. Nilizijua hesabu hizo kabla ya kufika, lakini nukta ya kwanza iliyoshuka chini ya mstari, saa nane na dakika chache, ilinifanya niinuke kwenye kiti. Ya pili ikashuka. Ya tatu ikapanda, nikaketi. Mzee akasema ni upepo umetikisa kuba. Kisha zikashuka zote, zikatulia chini.

Ilikaa huko chini ya saa moja. Nuru ile iliondoka Mzee Kenyatta akiwa bado Rais. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilipima joto la Enaiposha: nyuzi 280 upande wa mchana, 165 upande wa usiku, na juu yake ukungu mzito usioruhusu kuona ndani. Ziwa si ziwa tena kwa joto hilo. Kwa maoni yangu timu yetu ilibadilisha majina mahali pake. Sayari ndiyo iliyostahili kuitwa Olkaria, kwa mvuke. Mzee aliuliza kama watu wa Naivasha wanajua. Nikamwambia wengi hawajui, na wengine wakisikia watauliza kwanza ardhi hiyo imeandikwa jina la nani.

Kabla hatujaondoka asubuhi alinipa karatasi. Alikuwa amekaa, baada ya sisi kulala, akipiga hesabu ya usiku ambao Enaiposha atapita mbele ya nyota yake wakati kwetu ni giza na nyota iko juu ya Bonde la Ufa. Ni nyingi, maana kwetu karibu na ikweta nyota hiyo hupanda juu sana, vizuri kuliko kwake. Pembeni aliandika vipimo vya darubini ndogo kabisa ambayo, kwa uzoefu wake, ingetosha kwa mtu mvumilivu, na aina ya kamera, na neno "mtumba" akalipigia mstari, maana vifaa vya mkono wa pili hupatikana.

Niliipiga picha karatasi hiyo nikamtumia mwalimu wa fizikia wa shule aliyosoma mpwa wangu, karibu na ziwa. Anaufahamu mradi wa Travelling Telescope wa Susan Murabana na mumewe, unaozungusha darubini mashuleni, na wanafunzi wake wamewahi kuuona mwezi kwa namna hiyo. Alinijibu kwa maswali mfululizo. Bei gani? Nani atakesha na watoto? Inahitaji umeme? Nikamwambia inahitaji, kidogo, na kwamba taa za uwanjani italazimu zizimwe kwa saa mbili tatu. Umeme si tatizo, akasema, mvuke uko pale. Taa ndizo atakazozipeleka kwenye kikao cha wazazi, na ameniomba nihudhurie, kwa kuwa mlinzi wa shule amekwisha kukataa.